Gobori la Babu Halilindi Mahindi

SOMO LA MWEZI HUU



Jumatatu moja nilikuwa mezani pangu katika afisi ya kilimo nikipanga fomu za mbolea, akaja mzee mmoja ambaye shamba lake li kando ya Mto Nzoia. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na za mvua, kisha akakaa.

"Karani, mwanangu," akasema, "tumbili wamenimaliza. Mahindi yaliyo karibu na mto wameyavunja yangali mabichi. Nataka kukuuliza neno moja. Babu yangu alikuwa na gobori la kuwindia paa. Lingali darini, katika jiko letu la zamani. Je, siku hizi baruti hupatikana wapi?"

Nikamwuliza, "Mzee wangu, gobori hilo liliwekwa darini lini?"

"Baba aliliweka tulipohamia hapa skimu. Mimi nilikuwa sijatahiriwa bado."

"Na lilipowekwa, lilikuwa na baruti ndani, au halikuwa nayo?"

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hilo, mwanangu, silijui."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Huenda yuko mwenye shamba mwingine ambaye ana chuma cha zamani darini, au ambaye ameambiwa na kijana wa mjini kwamba bunduki ya baruti ni dawa ya tumbili na ya nguruwe mwitu. Basi tujifunze pamoja gobori ni kitu gani, lilifanya kazi gani zamani, na kwa nini halifai kabisa katika mashamba yetu leo.

1. GOBORI NI KITU GANI?

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Mwindaji humimina baruti katika mdomo wa mtutu, akatia kitambaa au nyuzi za gome la mti, kisha akatia risasi ya duara au marisaa, na vyote akavishindilia kwa kijiti kirefu kiitwacho mdeki. Baruti hiyo ni nyeusi, nayo ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Ikiwaka hutoa moshi mwingi mweupe na masizi yanayonuka.

Lakini moto huifikiaje baruti iliyo ndani? Hapo zamani za kale bunduki ilikuwa na jiwe gumu lililopiga chuma na kutoa cheche, ndiyo maana iliitwa gumegume. Cheche ziliangukia baruti kidogo iliyowekwa nje katika kisahani, na moto wa nje ukaingia ndani kwa kitundu. Mvua ikinyesha, kisahani hulowana. Tena ndege huuona mwako wa nje, akaruka kabla risasi haijamfikia. Mhubiri mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyependa sana kuwinda ndege, alichoshwa na jambo hilo. Mwaka 1807 alipata hataza ya njia mpya: dawa ambayo hulipuka ikigongwa, bila cheche yoyote. Baadaye dawa hiyo ilitiwa katika kikofia kidogo cha shaba, nacho ndicho wazee wetu waliita fataki. Fataki huvikwa juu ya chuchu ya chuma nyuma ya mtutu. Nyundo ya bunduki ikiigonga, moto hupita ndani ya chuchu mara moja na kuiwasha baruti.

Gobori lina ndugu mdogo, nayo ni bastola ya silinda. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya bastola hiyo nchini mwake mwaka 1836. Badala ya mtutu mmoja unaoshindiliwa, bastola hiyo ina silinda inayozunguka, yenye vyumba vitano au sita. Kila chumba hutiwa baruti yake na risasi yake kwa mbele, na kila chumba huvikwa fataki yake kwa nyuma. Mtu aliyeijaza vizuri aliweza kupiga mara tano au sita bila kushindilia tena. Watu wa wakati huo waliiona kuwa ajabu kubwa.

Lakini ajabu hiyo ilikuwa na hila yake. Mara nyingine moto wa chumba kimoja uliruka na kuviwasha vyumba vya jirani, na risasi mbili au tatu zikatoka kwa pamoja, moja kupitia mtutu na nyingine pembeni yake, karibu na vidole vya mwenye kushika. Kwa sababu hiyo wengi walipaka mafuta mazito juu ya risasi katika kila chumba ili kuzuia cheche. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa na hakika.

2. MFANO WA BUGANDA, MWAKA 1862

Mtu atasema, "Hayo ni maneno ya vitabu. Je, bastola hiyo iliua mnyama au haikuua?" Tutazame mfano wa kweli uliotokea kwa jirani zetu, ng'ambo ya Mlima Elgon.

Februari 1862, Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Katika zawadi alizompa Kabaka zilikuwamo bunduki, bastola moja ya silinda, risasi na sanduku la fataki. Baada ya siku chache Kabaka alitaka kuona nguvu za vitu hivyo. Akamwambia mgeni wake awapige ng'ombe wanne waliokuwa uani, tena upesi. Speke hakuwa na risasi za bunduki yake, kwa hiyo akaiazima ile bastola aliyokuwa ameitoa zawadi.

Speke mwenyewe aliandika habari hiyo katika kitabu chake. Aliwapiga wote wanne kwa haraka, lakini ng'ombe wa mwisho alijeruhiwa tu, naye akamgeukia. Ikambidi Speke ampige risasi ya tano ndipo akaanguka.

Tulifikirie jambo hilo kama wakulima. Ng'ombe ni mnyama mkubwa na wa kufugwa. Walikuwa karibu, uani, mchana kweupe. Mpigaji alikuwa askari wa kazi na mwindaji wa miaka mingi. Hata hivyo, ng'ombe mmoja katika wanne hakuanguka kwa risasi ya kwanza. Kama bastola ingekuwa na chumba kimoja pungufu, huenda habari hiyo ingeandikwa na mtu mwingine. Basi itakuwaje kwa mkulima asiye na mafunzo, anayempiga nguruwe mwitu katikati ya mahindi alfajiri, huku mkono unatetemeka kwa baridi? Risasi ya baruti nyeusi inayotoka katika bastola haina nguvu nyingi. Mnyama hupata jeraha, hukimbilia kichakani, na huko hufa polepole baada ya siku kadhaa, au humngoja mtu anayemfuata. Wazee wanajua kwamba nguruwe mwitu aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mzima.

Mfano huo una sehemu ya pili, nayo ni ya huzuni. Siku hiyohiyo Kabaka aliijaza bunduki mojawapo kwa mikono yake, akampa kijana wa jumba la kifalme, akamwambia atoke nje akampige mtu. Kijana akaenda, akampiga mtu, akarudi kusema kwamba amefaulu. Silaha ilianza kwa ng'ombe, na kabla jua halijatua ikawa imefika kwa binadamu.

Sisi wa upande huu wa mlima hatuwezi kuwacheka jirani. Bunduki zililetwa hapa na misafara ya biashara iliyopita Mumias. Serikali ya Waingereza ilipowataka Babukusu warudishe bunduki walizokuwa nazo, ugomvi ukawa vita. Mwaka 1895 majeshi yaliyokuwa na C. W. Hobley yalizivunja ngome za Lumboka na Chetambe, na bunduki ya Maxim ilitumiwa. Magobori hayakuweza kuziokoa ngome hizo. Watu wengi walikufa na mifugo ikachukuliwa.

Labda mtaniuliza, kama ni hivyo, magobori yalibakije katika nyumba za wazee? Sababu mojawapo ni Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Mkataba huo wa mataifa ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa kwa masharti. Kwa hiyo silaha iliyokwisha kuachwa Ulaya iliendelea kutumika kwetu kwa miaka mingi.

3. KWA NINI GOBORI HALIFAI SHAMBANI

Yatupasa kuziweka sababu hizi moja moja, ili kila mtu azikumbuke.

(a) Ni la polepole. Hata mtu hodari huhitaji nusu dakika au zaidi kushindilia tena. Tumbili hawaji mmoja. Ukipiga mmoja, kundi lote limekwisha kuvuka mto, na kesho watarudi saa ambayo hupo.

(b) Hupasuka. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya maji hewani, na chuma kisichosafishwa huliwa na kutu kwa ndani ambako jicho halioni. Mtutu ulioliwa na kutu hauwezi kuzuia nguvu ya moto. Hatari huwa kubwa zaidi mtu akitia baruti ya kisasa iliyotolewa katika risasi za siku hizi, kwa maana nguvu yake ni kubwa kuliko mtutu wa kale ulivyokusudiwa. Hapo bunduki humlipukia mwenyewe usoni na mikononi.

(c) Mashamba yetu yamekaribiana. Zamani babu aliwinda porini, na nyuma ya paa palikuwa na pori jingine. Leo katika skimu, nyuma ya tumbili kuna nyumba ya jirani, kuna njia ya watoto wa shule, kuna mama anayeteka maji. Risasi ya duara iliyokosa shabaha bado huweza kuua mtu zaidi ya mita 200 mbele. Risasi haijui mpaka wa shamba.

(d) Baruti haizeeki kama mtu. Sababu hii ndiyo iliyonitia hofu siku ile mzee aliponijibu kwamba hajui. Baruti nyeusi iliyofungiwa ndani ya chuma bila kupata maji yaweza kukaa miaka mia moja na zaidi, na bado ikawaka. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia huko Marekani, mtu mmoja aliyekusanya vitu vya kale aliuawa na kombora la mzinga alipokuwa akilisafisha. Kombora hilo lilitoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1861 hadi 1865. Lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 140, na baruti yake ilikuwa hai.

4. SHERIA INASEMAJE?

Katika Kenya uwindaji wa wanyama wa pori ulipigwa marufuku mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliendelea na njia hiyohiyo, nayo inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani. Wengine hudhani kwamba mnyama akiingia katika mahindi yako amekuwa mali yako. Sivyo. Mahindi ni yako. Mnyama si wako.

Juu ya silaha, Sheria ya Silaha hutaka mtu awe na kibali. Msidhani kwamba gobori limesamehewa kwa sababu ni kuukuu, au kwamba bunduki iliyofuliwa na mhunzi kijijini haihesabiwi kuwa bunduki. Mwenye kupatikana nayo atajieleza mbele ya hakimu, na ng'ombe wa maziwa huenda wakauzwa ili kulipa gharama za kesi. Yafaa kwenda kwa wakuu kwa hiari kabla wakuu hawajaja kwako.

Tusiichukie sheria hiyo. Karibu na Kitale iko Saiwa, mbuga ndogo kupita zote za kitaifa katika Kenya, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, mnyama wa matopeni mwenye kwato ndefu. Pande zote mbuga hiyo imezungukwa na mashamba kama yetu. Kama kila mwenye shamba angeshika gobori, nzohe wasingekuwapo leo, na watoto wetu wangemwona katika picha tu.

5. UKIKUTA SILAHA YA ZAMANI NYUMBANI

Fuateni maagizo haya bila kuongeza wala kupunguza:

Kwanza, iache pale pale ilipo. Usiitikise, usiinue nyundo, usiguse kifyatuo, wala usichungulie katika mdomo wa mtutu.

Pili, kama iko juu ya meko, zima moto na usipike hapo mpaka imeondolewa.

Tatu, usijaribu kuisafisha, kuichimba kwa chuma wala kuitoa ulichodhani ni uchafu. Uchafu huo waweza kuwa baruti.

Nne, watoe watoto katika nyumba hiyo na ufunge mlango.

Tano, mwendee Chifu au kituo cha polisi, ukaeleze. Usiibebe mwenyewe kwa pikipiki wala kwa matatu. Waache wenye ujuzi waje waichukue.

Sita, usimwuzie mtu yeyote, hata akikuambia kwamba anakusanya vitu vya kale.

6. BASI TUMBILI TUWAFANYEJE?

Najua kwamba mwenye shamba hawezi kushiba maneno ya sheria. Hapa tunatoa mashauri ambayo yamewafaa wakulima wengi.

Jueni saa zao. Tumbili hulala mitini usiku na hutembea mchana, hasa asubuhi na saa za alasiri. Mlinzi anayekuja shambani saa nne amechelewa. Nungu naye ni wa usiku, kwa hiyo kumngoja mchana ni kazi bure. Mlinzi wa mmoja hamfai mwingine.

Lindeni kwa zamu. Mkulima mmoja akiwafukuza tumbili, huwahamisha tu kwenda kwa jirani, na kesho jirani huwarudisha. Wenye mashamba yaliyopakana na mto wakae pamoja, wagawane siku, na kila siku wawepo watu wawili au watatu pamoja na mbwa, kutoka wakati mahindi yanapoanza kukomaa mpaka yavunwe. Kazi hiyo ni ya majuma machache tu. Watoto wasitolewe shule kwa ajili ya ulinzi. Watu wazima washike zamu.

Chagueni mahali pa kupanda. Mahindi, viazi vitamu na ndizi zisipandwe kando kabisa ya vichaka vya mto kama mna nafasi nyingine. Karibu na mto pandeni vitu visivyowavutia sana, kama pilipili au vitunguu. Tumbili hapendi kuvuka mahali peupe akionekana, kwa hiyo fyekeni magugu marefu kati ya kichaka na shamba. Lakini msiikate miti ya kingo za mto, kwa maana hiyo ndiyo inayoshika udongo wenu usichukuliwe na maji.

Vuneni mapema. Mahindi yaliyokauka yakiachwa shambani majuma mawili zaidi huwa karamu ya tumbili, ya panya na ya mchwa. Yavuneni, yakausheni nyumbani, myaweke ghalani.

Msitege sumu. Sumu haichagui. Itamwua mbwa wako, kuku wa jirani, na huenda mtoto.

Pelekeni habari. Kama wanyama wamezidi nguvu zenu, andikeni siku, saa, aina ya mnyama na ukubwa wa sehemu iliyoharibiwa, kisha mpeleke kwa afisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS, iliyo karibu, na nakala moja kwa Bwana Shamba. Barua ya kikundi yenye sahihi za watu kumi husikilizwa upesi kuliko malalamiko ya mtu mmoja njiani.

7. MWISHO WA HABARI YA MZEE

Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Hakufurahi sana. Alisema, "Hilo gobori ndilo neno la mwisho lililobaki la babu yangu." Nikamwambia, "Mzee wangu, neno la babu ni shamba ulimo na wajukuu uliokuwa nao." Akacheka, akaenda kwa Chifu siku hiyohiyo.

Juma lililofuata polisi walifika wakiwa na mtu anayejua silaha. Waliwatoa watu wote uani. Mtu huyo alitia kijiti cha mti ndani ya mtutu polepole, akatia alama, kisha akakipima kwa nje. Kijiti kilikuwa kimeingia pungufu ya urefu wa mtutu kwa upana wa vidole vinne. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyetazama: gobori lilikuwa limeshindiliwa miaka yote hiyo. Fataki yenyewe ilikuwa bado juu ya chuchu, imegeuka rangi ya kijani.

Katika jiko hilo wajukuu wanne huchoma mahindi kila jioni. Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Safari hii majuto hayakuja, kwa sababu mzee aliuliza swali kabla ya kutenda.

MASWALI YA KIKUNDI

Msomeeni mwenye macho mabovu somo hili, kisha mjibu pamoja:

1. Fataki ilileta faida gani kuliko jiwe la gumegume?
2. Kwa nini bastola ya silinda yaweza kuumiza vidole vya mwenyewe?
3. Ng'ombe wa mwisho wa mwaka 1862 hutufundisha nini juu ya mnyama aliyejeruhiwa?
4. Je, baruti iliyokaa miaka 60 ndani ya mtutu imekufa? Toeni mfano.
5. Ni nani katika kijiji chenu ana kitu cha zamani darini, na nani atakwenda kuzungumza naye kwa heshima juma hili?

Swali la tano ndilo kubwa. Msiliache bila jibu.

Nawatakia mavuno mema.

Karani, Afisi ya Kilimo, Tongaren